Lipia jina la mdudu kabla ya kulipia dawa

Mti wa uani ukianza kunyauka, jambo la kwanza linalouzwa kwa mwenye nyumba ni upulizaji. Fundi anakuja na bomba mgongoni, anataja bei ya kazi na bei ya dawa, na katika bei hizo mbili jina la mdudu halimo. Mwenye nyumba naye hataki somo, anataka kivuli chake. Wanapatana upesi. Wiki tatu zikipita majani bado yanapukutika, fundi anaitwa tena, na safari hii dawa ni kali zaidi na bei imepanda.

Makala hii inalinganisha njia za kujitoa katika mchezo huo: nani akutambulie mdudu na kwa gharama gani, dawa ipi inamfaa mdudu yupi, na lini ni afadhali kutofanya lolote. Miti inayozungumziwa ni ya kivuli, ya uzio na ya pambo: mwembe wa uani, mnazi wa hotelini, uzio wa misaiprasi, mfikasi wa getini, mkaratusi wa shuleni, mkorosho wa kiwanjani. Hukumu naitoa mapema: fedha yenye faida kuliko zote ni ile ya kumtambua mdudu, na mara nyingi haifiki bei ya chupa moja ya dawa.

Sababu yake ni maumbile. Wadudu huudhuru mti kwa njia chache tu: kutafuna majani, kufyonza utomvu, kusababisha vivimbe, kupekecha mbao, na kula gome au mizizi. Dawa ya kugusa inayomuua kiwavi juu ya jani haimfikii funza aliyejichimbia ndani ya shina. Sabuni inayommaliza kidukari haifui dafu kwa mdudu gamba mzima aliyekwisha kujifunika. Anayenunua dawa bila kujua mdudu yuko kundi gani ananunua kwa kubahatisha, na bahati nasibu hiyo huchezwa upya kila mwezi.

Kwanza, je, ni mdudu kweli?

Wadudu wengi ni wachaguzi. Anayeshambulia misaiprasi hana habari na mwembe ulio kando yake. Ukiona miti ya aina tatu au nne imedhoofika pamoja upande mmoja wa kiwanja, shuku kitu kingine: taka zilizochomwa chini yake, mtaro uliokata mizizi, saruji iliyofunika udongo hadi shinani, maji ya chumvi, au dawa ya magugu iliyopeperushwa na upepo. Kwa matatizo hayo hakuna kiuatilifu kitakachosaidia hata ukipulizia kila siku.

Vifaa vya uchunguzi wa nyumbani ni vichache: lenzi ya mkono inayokuza mara 10, karatasi nyeupe, kisu kikali, tochi, kichupa chenye spiriti, na simu yenye kamera. Gonga tawi juu ya karatasi nyeupe uone kinachoanguka na kutembea. Kwangua gome kidogo kwa kisu: kijani kibichi chini yake kina maana tawi liko hai, kahawia kavu kina maana limekufa. Rudi usiku na tochi, kwa kuwa baadhi ya mbawakawa na viwavi hula gizani na kujificha mchana. Piga picha ya mti mzima, ya tawi, kisha ya mdudu kwa karibu, na weka sarafu pembeni ili ukubwa ueleweke.

Baada ya hapo, dalili zenyewe zitakupeleka kwenye mojawapo ya makundi yafuatayo.

Majani yametafunwa

Mashimo katikati ya jani, kingo zilizoliwa, au jani lililobaki mishipa mitupu ni kazi ya viwavi, panzi au mbawakawa. Tafuta vinyesi vidogo vyeusi juu ya majani ya chini au kwenye sakafu. Vikiwa vibichi, mlaji bado yupo. Kwenye nyua za miti utakuta pia viwavi wanaoishi ndani ya vifuko vilivyoshonwa kwa vijiti na majani makavu, vikining'inia kama tunda lisiloiva.

Machaguo ni manne. Kuacha, ambako hakugharimu kitu: mti mkubwa wenye afya ukinyolewa majani mara moja huchipua tena mvua zikija. Kuokota kwa mkono na kukata vifuko, ambako hugharimu muda wa asubuhi moja. Kupulizia dawa ya bakteria aitwaye Bt, ambayo huua viwavi wanaokula jani lililopulizwa na kuwaacha nyuki salama, lakini hufanya kazi vizuri kwa viwavi wachanga tu. La mwisho ni viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, kama sipamethrini, ambavyo ni rahisi kupatikana na huua kwa haraka, pamoja na wadudu rafiki wote waliokuwa wakikusaidia bure.

Kwa mti mkubwa, acha. Kwa mche au uzio mchanga, okota. Wakizidi, tumia Bt. Pairethroidi iwe ya mwisho.

Majani yananata, kisha yanakuwa meusi

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu watu hutibu weusi. Weusi huo ni ukungu unaoota juu ya maji ya sukari yanayotolewa na wadudu wafyonzaji. Gari lililoegeshwa chini ya mwembe likikutwa asubuhi lina matone yanayonata, dalili ni hiyo hiyo. Ukipulizia dawa ya ukungu umeosha sahani huku mpishi bado anapakua.

Geuza jani na utazame kwa lenzi. Vidukari ni laini, wana miguu, na hujazana kwenye vichipukizi. Vidung'ata wamefunikwa nta nyeupe kama pamba. Kwenye miembe ya pwani ya Kenya na Tanzania yupo mmoja msumbufu, Rastrococcus iceryoides, mwenye asili ya Asia ya Kusini. Wadudu gamba hawaonekani kama wadudu kabisa: ni vidoa vilivyoganda kwenye jani au tawi, na ukikwangua kwa ukucha vinabanduka. Nzi weupe huruka kama vumbi ukitikisa tawi.

Tazama pia sisimizi wanaopanda na kushuka shinani. Wanafuata ile sukari, na kwa ajili yake huwafukuza maadui wa wafyonzaji. Kuwazuia ni hatua ya bei nafuu inayosahaulika: zungusha kitambaa shinani, kipake grisi juu yake (usipake gome lenyewe), na kata matawi yanayogusa ukuta au nyaya ili wasipate daraja jingine.

Kisha linganisha. Maji yenye nguvu kutoka kwenye mpira wa bustani huangusha vidukari kwa bei ya maji. Sabuni ya maji kwa kiwango cha asilimia 1 hadi 2, yaani mililita 160 hadi 320 kwa bomba la lita 16, huua wadudu laini inaowagusa; haibaki na sumu, ila ni lazima irudiwe, na isipulizwe juani kwa kuwa huunguza majani. Jaribu tawi moja kwanza. Mafuta ya mwarobaini na mafuta mepesi ya bustani hufaa zaidi kwa wadudu gamba, hasa watoto wao kabla hawajajifunika. Kwa wadudu gamba wakubwa, kupogoa matawi yaliyojaa ni bora kuliko dawa yoyote ya kugusa.

Mwisho kuna dawa za kupenya, mfano imidaklopridi inayomwagwa udongoni, ambazo husafiri na maji ya mti hadi majanini. Zina nguvu, lakini kwenye mti mkubwa huchukua wiki kadhaa kufika juu, huingia pia kwenye chavua na asali ya maua, na hazifai mti wa matunda isipokuwa lebo imetaja mti huo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya imidaklopridi mashambani mwaka 2018 kwa sababu ya nyuki. Mwenye mizinga jirani, au mwenye mwembe unaotoa maua, aiache.

Anza basi na kuzuia sisimizi, kupogoa na sabuni. Baada ya mwezi wa kazi hiyo, majani mapya yakitoka safi umemaliza. Yale ya zamani yatabaki meusi hadi yaanguke, nayo yasikutishe.

Uzio wa misaiprasi unakauka kutoka ndani

Uzio huu una historia yake. Kidukari wa misaiprasi alionekana Malawi mwaka 1986, na kufikia 1990 alikuwa Kenya, akikausha nyua na mashamba ya miti. Mwanzoni alihesabiwa kuwa Cinara cupressi. Mwaka 1999 wataalamu wakamtenga kuwa spishi ya pekee, Cinara cupressivora. Mabadiliko ya jina kama hayo yana uzito wake kwa mkulima, kwani jina ndilo linaloonyesha mdudu alitoka wapi na adui wake wa asili atafutwe wapi. Katika miaka ya 1990 nyigu mdogo, Pauesia juniperorum, anayetaga ndani ya vidukari hao, aliachiliwa Malawi na Kenya.

Fungua matawi utazame ndani, kwenye gome la vitawi, wala si nchani. Vidukari ni wa kijivu na kahawia, wamekaa kwa makundi, na idadi yao hupanda miezi ya baridi na ukame. Hukuwapata? Tafuta donda linalotoa utomvu mzito kwenye tawi au shina: huo ni ugonjwa wa ukungu wa saiprasi, uleule uliowafanya wapanda misitu wa Afrika Mashariki kuachana na aina ya macrocarpa. Dawa ya wadudu haiutibu. Kata tawi chini ya donda, choma, na osha kisu kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine.

Kama ni vidukari na uzio haujapita urefu wa mtu, sabuni au mafuta ya mwarobaini yanatosha, mradi mkono wa bomba uingizwe hadi ndani. Upulizaji wa kupita juu juu hautawagusa. Sehemu iliyokwisha kukauka hadi mbao haichipui tena. Pale panda mche mpya, na ni busara uwe wa aina nyingine.

Vivimbe na majani yaliyojikunja

Mkaratusi mchanga wenye vivimbe kwenye mshipa wa kati wa jani na kwenye vikonyo umepatwa na nyigu mdogo, Leptocybe invasa, aliyefika Kenya na Uganda mwaka 2002, miaka miwili kabla hajapewa jina hilo na wanasayansi. Funza wake yuko ndani ya kivimbe, amelindwa na mti wenyewe. Dawa ya kupulizia haina la kumfanya. Chaguo la maana ni wakati wa kununua miche: kagua kitaluni, kataa mche wenye kivimbe hata kimoja, na uliza aina inayostahimili. Mkaratusi wa mtoni, camaldulensis, ni miongoni mwa wanaoshambuliwa sana.

Mfikasi wa getini ukiwa na majani yaliyokunjwa katikati kama ganda la njugu, lifungue moja. Ukikuta vijidudu vyembamba vyeusi, hao ni thripsi. Mkunjo huo wa jani ni kinga yao dhidi ya dawa ya kugusa. Mkasi ndio dawa: kata vichipukizi vilivyokunjwa, vifunge kwenye mfuko, viache juani siku kadhaa au uvichome. Mfikasi hukatwa umbo kila mara hata hivyo, kwa hiyo gharama ya ziada ni ndogo mno.

Mnazi: maadui watatu, bei tatu

Mnazi ndio mti ambao kukosea utambuzi huwa ghali zaidi, kwa sababu una nchani mwake moyo mmoja tu.

Makuti yaliyokatwa kwa pembe, kama yamepitishwa mkasi, ni alama ya chonga, mbawakawa mweusi mwenye pembe kichwani, Oryctes monoceros. Hutoboa kwenye kitovu cha makuti wakati jani bado limekunjwa, na jani likifunguka linaonyesha mikato iliyolingana pande zote mbili. Tafuta tundu chini ya makuti likiwa limejaa nyuzi zilizotafunwa. Chonga hazaliani katika mnazi ulio hai. Funza wake weupe wanene wanaojikunja hukaa katika vigogo vilivyooza na marundo ya samadi. Kwa hiyo tiba ya bei nafuu iko chini, si juu: ondoa vigogo vya minazi iliyokufa, pindua na utawanye samadi. Juu, mkwezi anayepanda kuangua nazi anaweza kumchokoa chonga kwa waya wenye ndoana. Patana naye akague kila anapokwea. Mitego ya harufu ipo, lakini humfaa mwenye minazi mingi kama hoteli kuliko mwenye minazi miwili.

Vidaka vinavyodondoka vikiwa na makovu yaliyobonyea ni kazi ya kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi. Mlinzi wake anajulikana pwani nzima: maji moto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani kuwa viota na kuuma vikali. Utafiti uliofanywa Zanzibar katika miaka ya 1950 ulionyesha kwamba minazi yenye maji moto wengi hupoteza vidaka vichache. Mwenye hoteli anayewapulizia dawa ili wageni wasiumwe anaua walinzi wa bure. Njia ya kati ni kuwaondoa kwenye minazi iliyo juu ya viti vya wageni tu, na kuwaacha kwingine.

Adui wa tatu si mdudu unayemwona. Nazi zikidondoka za umri wote, maua yakawa meusi, makuti yakageuka manjano kuanzia ya chini, na mwisho kichwa kikaanguka ukabaki mlingoti, huo ni ugonjwa wa kunyong'onyea. Hakuna dawa ya kupulizia itakayouponya. Fedha yote iende kwenye kuukata mnazi, kuondoa kigogo (usipokiondoa utakuwa umemjengea chonga nyumba), na kupanda mche unaostahimili kwa ushauri wa watafiti wa minazi, kama wale wa kituo cha TARI Mikocheni, Dar es Salaam.

Kwa wasomaji walioko Oman na Imarati, orodha inaongezeka mmoja: fukusi mwekundu wa mitende, Rhynchophorus ferrugineus, aliyeenea Ghuba tangu miaka ya 1980. Dalili ni utomvu wa kahawia unaovuja shinani, nyuzi zilizotafunwa zinazonuka, na wakati mwingine sauti ya kutafuna ukiweka sikio. Akigunduliwa mapema, sindano ya dawa shinani huweza kuokoa mtende. Akichelewa kugunduliwa, moyo umeshaoza. Huyu ndiye mdudu ambaye kulipia ukaguzi wa mara kwa mara kuna faida ya wazi. Na anayefikiria kuagiza mitende ya pambo kutoka nje, asiipokee bila cheti cha afya ya mimea.

Matundu, unga wa mbao, na matawi yanayokatika

Tundu la mviringo likitoa unga wa mbao au nyuzi, kipekecha yuko ndani. Kwa tundu moja au mawili, waya laini ukisukumwa hadi umguse funza ni tiba kamili. Matundu mengi madogo kama ya risasi, yaliyotapakaa shina zima, kwa kawaida yana maana kwamba mti ulikuwa umedhoofika kabla, au wadudu ni wa jamii inayobeba ukungu. Afrika Kusini wanamjua wa jamii hiyo: Euwallacea fornicatus kutoka Asia, aliyegunduliwa katika bustani ya mimea ya Pietermaritzburg mwaka 2017 na baadaye kuonekana katika miti ya mitaa ya miji mingi. Husafiri ndani ya kuni. Mti ulioathirika hivyo usigeuzwe kuni za kuuza mtaa wa pili.

Kwenye mikorosho ya pwani yupo mbawakawa mwenye papasi ndefu, Paranaleptes reticulata, anayelizungushia tawi mkato kama wa msumeno, akataga juu ya mkato, na tawi likakatika kwa upepo. Funza wamo ndani ya tawi lililoanguka. Kuokota matawi hayo yote na kuyachoma, pamoja na yanayoning'inia, ndiyo tiba, na gharama yake ni kibarua wa siku.

Mchwa: hofu kubwa, hasara mara nyingi ndogo

Udongo uliopakwa kwenye gome la mti mkubwa huuza dawa nyingi. Ubandue, kisha kwangua gome. Kukiwa na kijani chini, mchwa walikuwa wakila gome lililokufa tu. Futa udongo uendelee na shughuli zako. Hatari ya kweli ni kwa miche, ambayo hukatwa au kuzungukwa usawa wa ardhi, hasa ikikosa maji. Mwagilia, sogeza majani makavu mbali na shina, na kwa miche ghali weka dawa ya mchwa iliyosajiliwa kwenye shimo la kupandia kama lebo inavyoelekeza. Kupulizia mti mkubwa kwa sababu ya mchwa wa gome ni kutupa fedha.

Nani akutambulie?

Wewe mwenyewe, kwa lenzi na saa moja, utawatambua watafunaji, wafyonzaji na mchwa bila shida. Utakwama kwa vipekecha na magonjwa.

Afisa ugani wa kata hutoa huduma ya umma, na anazijua dawa zinazopatikana eneo lako. Wengi wamebobea katika mazao, kwa hiyo mpelekee sampuli na picha badala ya maelezo ya mdomo. Mahali penye kliniki za mimea, kama Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, mwananchi huleta tawi mezani na kupewa ushauri wa maandishi.

Taasisi ndizo za kukimbilia jibu likiwa na uzito wa fedha: miti mingi, minazi ya biashara, au mdudu usiyewahi kumwona. Tanzania kuna TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, pamoja na TAFORI na Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro. Kenya kuna KEPHIS, KEFRI iliyoko Muguga, na icipe jijini Nairobi. Uliza ada kabla ya kutuma. Sampuli ifike ikiwa nzuri: wadudu laini ndani ya spiriti, majani kati ya kurasa za gazeti na si kwenye plastiki yanakoozea, na lebo yenye jina la mti, mahali na tarehe. Usisafirishe wadudu walio hai.

Duka la pembejeo hutoa ushauri bure, lakini mshauri anaishi kwa kuuza chupa. Msikilize, kisha hakiki. Programu za simu zinasaidia kwa picha za majani. Kwa kilichomo ndani ya shina hazina macho.

Fundi na kampuni za upulizaji wapimwe kwa swali moja: "Ni mdudu gani, na nionyeshe." Anayeweza kukuonyesha anastahili kulipwa hata asipopuliza.

Hesabu ya mfano

Tuchukue mwembe mmoja wenye wadudu gamba na ukungu mweusi. Tarakimu hizi ni za kuonyesha njia ya kukokotoa. Weka bei za mtaani kwako.

| Chaguo | Gharama ya mara moja | Marudio | Jumla |
|---|---|---|---|
| Upulizaji wa fundi | kazi 25,000 + dawa 15,000 | mara 3 | 120,000 |
| Kupogoa, grisi na sabuni | kupogoa 30,000 + kitambaa na grisi 6,000 + sabuni 4,000 | sabuni mara 2 zaidi | 48,000 |
| Kukata na kupanda upya | kukata 150,000 + kuondoa 50,000 + mche 5,000 | hakuna | 205,000 |

Jedwali halionyeshi mambo matatu. Bomba la mgongoni hufika kwa shida mita nne au tano, kwa hiyo kwa mwembe mrefu chaguo la kwanza linalipia nusu ya mti. Pairethroidi huua maadui wa wadudu gamba, na tatizo hurejea likiwa kubwa zaidi. Na kukata kuna bei ya miaka ya kivuli kilichopotea, pamoja na kibali: ulizia halmashauri au serikali ya mtaa kabla msumeno haujawashwa.

Dawa ikilazimu, nunua iliyofungwa kiwandani, yenye lebo na namba ya usajili. Dawa iliyopimwa kwenye chupa ya maji ya kunywa usiiguse hata ikiuzwa nusu bei; hujui ni nini, na mtoto hajui pia. Tazama ukanda wa rangi chini ya lebo: nyekundu ni sumu kali kuliko zote, kisha njano, bluu na kijani. Kwa ua wa nyumbani, nyekundu na njano hazina nafasi. Kwa mti wa matunda, heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna.

Nani achague nini

Mwenye nyumba mwenye miti michache: nunua lenzi, mkasi mzuri wa kupogolea na sabuni. Vitatu hivyo vitamaliza sehemu kubwa ya matatizo ya uani, na vitadumu kuliko chupa yoyote.

Mwenye uzio mrefu wa aina moja ya mti: bajeti yako iwe ya ukaguzi kila msimu wa baridi, na kila panapokauka badili aina. Uzio wa aina moja humpa mdudu mmoja uwanja mzima.

Hoteli, shule na taasisi: mpangie mkwezi au mtunza bustani ukaguzi wa kudumu ulioandikwa, ondoeni vigogo na samadi, na lipieni utambuzi wa maabara kwa mti wowote unaotishia kufa. Mkataba wa upulizaji wa kila mwezi bila jina la mdudu msiusaini. Mkandarasi akisema ndivyo wengine wote wanavyofanya, mwombeni aandike kwenye mkataba mdudu anayemlenga, dawa atakayotumia, na dalili itakayoonyesha kwamba kazi imefanikiwa. Akikataa kuyaandika hayo matatu, tafuteni mwingine.